Kabla ya Kujitengenezea, Hesabu Moto na Kipimo

Kila bei za bidhaa zinapopanda, ushauri ule ule hurudi: acha kununua sabuni ya maji, changanya mwenyewe, acha mkate wa dukani, oka wa kwako, acha siagi ya karanga ya kopo, saga nyumbani. Semina za ujasiriamali huufundisha, vikundi vya kina mama huupokea, na makundi ya WhatsApp husambaza vipimo vya malighafi kutoka simu moja hadi nyingine. Ushauri huu una faida, na nimeona familia ambazo umezisaidia. Ninachokipinga ni tabia ya kuviweka vitu vyote katika kapu moja, kwa sababu baadhi ya vitu vikitengenezwa nyumbani huokoa fedha nyingi, vingine havibadilishi chochote, na vingine huitia familia hasara isiyoonekana kwa kuwa imejificha kwenye mtungi wa gesi, kwenye gunia la mkaa na kwenye saa za mama wa familia.

Bei ya kitu chochote kilichopangwa kwenye rafu ya duka la mtaani ina mafungu kadhaa ndani yake. Kuna malighafi, kuna moto au umeme uliotumika, kuna kazi ya mikono na mashine, kuna chupa au pakiti, kuna usafiri, kuna kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa Tanzania ni asilimia 18 kwa bidhaa nyingi za viwandani, na kuna faida ya mwenye kiwanda, ya muuzaji wa jumla na ya muuzaji wa rejareja. Anayeamua kujitengenezea hakwepi mafungu yote hayo. Malighafi ataihitaji, tena ataipata kwa bei ya juu kuliko kiwanda kinachonunua kwa tani. Moto ataukoka, na moto wa sufuria ndogo hupoteza joto jingi zaidi, kwa kila kilo inayopikwa, kuliko tanuri la kiwandani. Anachokwepa hasa ni chombo, usafiri, sehemu ya kodi na faida za njiani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza namna kitu kinavyotengenezwa, familia ingejiuliza kwanza ni fungu lipi lililobeba bei yake. Kama ni maji, plastiki na lori, kitengenezwe nyumbani. Kama ni malighafi ghali au moto mwingi, duka huenda likawa rahisi kuliko jiko.

Sabuni ya maji ndiyo inayolionyesha jambo hili waziwazi. Sehemu kubwa ya uzito wa dumu la sabuni hiyo ni maji. Kinachosafisha ni asidi ya salfoniki iliyopunguzwa ukali kwa magadi soda, ikisaidiwa na slesi, ule ute mzito mweupe unaouzwa kwa kilo katika maduka ya kemikali ya Kariakoo. Grisalini, manukato na rangi ni vya kuulainisha mkono na kuyapendeza macho na pua. Kiwanda hulazimika kuyatia maji hayo kwenye plastiki, kuyapakia kwenye lori na kuyasafirisha hadi Mbeya au Bukoba, na gharama yote hiyo hulipwa na mteja. Anayetengeneza nyumbani huyachota bombani kwake. Moto hauhitajiki hata kidogo, kwa sababu salfoniki ikikutana na magadi, mchanganyiko wenyewe hupata joto, hutoa mapovu ya gesi, kisha hutulia. Kazi inayotaka umakini ni ya mwisho, ya kutia chumvi. Huyeyushwa pembeni, ikamiminwa kidogo kidogo, na fundi mzoefu huinua mwiko kila mara kutazama jinsi sabuni inavyoshuka. Ikishuka kama uzi mzito usiokatika, huacha hapo hapo, maana chumvi ikizidi kiwango, sabuni haiendelei kuwa nzito bali hurudi kuwa nyepesi kama maji, na ukiongeza chumvi nyingine unazidi kuiharibu.

Hapa akiba ni ya kweli, lakini huvuja ikiwa haikulindwa. Ndoo ya lita 20 ikiwa imejaa pembeni ya jiko, mkono hauoni sababu ya kubana, na familia iliyokuwa ikitumia lita 2 kwa mwezi hujikuta inatumia 4 bila vyombo kuongezeka wala nguo kuchafuka zaidi. Dawa yake ni rahisi: ndoo ifungwe na kuwekwa mbali, na jikoni ibaki chupa ndogo inayojazwa kwa siku maalumu. Jambo lingine ni ubora. Wengi hupima sabuni kwa povu na uzito wake, ilhali chumvi inaweza kuifanya sabuni hafifu ionekane nzito. Sabuni iliyopunguzwa salfoniki ili igharimu kidogo hulazimisha mtu kumimina mara mbili pale ambapo mara moja ingetosha, na akiba yote ikawa ya macho tu.

Kuna suala la usalama pia, na hili nalisema kwa uzito wake wote. Salfoniki huunguza ngozi, na kostiki soda inayotumika kwa sabuni ya kipande huunguza vibaya zaidi. Mazoea ya kununua kemikali hizi zikiwa zimemiminwa kwenye chupa za maji ya kunywa au za soda ni ya kuachwa kabisa, kwa sababu mtoto mwenye kiu hafahamu tofauti, na funda moja la kostiki laweza kuliharibu koo lake maisha yote. Akiba yoyote ya sabuni haifikii gharama ya matibabu ya namna hiyo, sembuse uchungu wake. Mwenye nyumba ya chumba kimoja, ambako watoto hulala, hucheza na kula mahali pamoja, ana sababu nzuri ya kutozileta kemikali hizo ndani na kumwachia kazi hiyo mtu mwenye nafasi.

Sasa linganisha na sabuni ya mche, ile ya kukata vipande. Watu huichukulia kuwa ndugu wa sabuni ya maji, lakini kwa hesabu ni vitu viwili tofauti kabisa. Sabuni ya mche ni mafuta. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 180 za kostiki soda, na kilo ya mafuta ya mawese takriban gramu 140. Mengine ni maji ya kuyeyushia. Anayenunua mafuta ya kupikia dukani ili ayageuze kuwa sabuni ananunua malighafi iliyokwisha kusafishwa, kufungwa na kutozwa kodi kwa ajili ya kuliwa, huku kiwanda kikitumia sehemu ya mawese iliyo rahisi, isiyopendwa kwa mapishi. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya mafuta ya kula yanayotumika Tanzania hutoka nje, hivyo kila misukosuko ya soko la dunia, kama ile ya mwaka 2022 Indonesia ilipozuia kwa wiki kadhaa kuuza nje mafuta yake ya mawese, hutua moja kwa moja kwenye sabuni yako. Hasara hiyo hugeuka faida kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wakazi wa Kigoma na maeneo mengine yenye michikichi, wanaopata mawese kwa bei ya shambani. Wa pili ni muuza chipsi, ambaye kila baada ya siku chache ana mafuta yaliyochoka asiyopaswa kumlisha mtu tena. Akiyachuja na kuyapima vizuri, malighafi yake ni bure, na sabuni ya kufulia mapazia na kudeki sakafu ataipata kwa bei ya kostiki peke yake.

Wazee waliopitia miaka ya mwanzo ya 1980 wanaweza kunipinga hapa, na nawaelewa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mafuta ya petroli kupanda bei duniani, nchi iliishiwa fedha za kigeni, na sabuni, sukari na mafuta ya kula vikawa vitu vya foleni. Mwaka 1983 serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, iliendesha kampeni ya kuwasaka walioitwa wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa, na wengi wanakumbuka sabuni zilizofukiwa ardhini au kutupwa usiku kwa kuogopa msako. Wapo waliofua kwa majani ya mpapai. Katika hali ile, kujitengenezea kulikuwa njia pekee ya kuwa na kitu, na hapakuwa na bei ya dukani ya kulinganisha nayo. Biashara ilianza kulegezwa mwaka 1984, rafu zikajaa tena, na hesabu ikabadilika. Ujuzi wa miaka ile ni hazina, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, limeendelea kuufundisha hadi leo. Lakini mwanafunzi wa SIDO anaandaliwa kutengeneza kwa ajili ya kuuza, kwa kiwango ambacho malighafi hununuliwa kwa mapipa, na hesabu yake haiwezi kuhamishwa ilivyo hadi kwenye nyumba ya watu watano.

Tuje kwenye moto, ambao naona ndio unaosahauliwa kuliko yote. Msimu wa nyanya unapofika na tenga likashuka bei huko Ilula au Morogoro, husikika wito wa kununua nyingi na kuzichemsha hadi ziwe nzito kama zile za kopo. Tufanye hesabu ya kilo 10. Nyanya ni maji kwa takriban asilimia 95. Ili kuzifikisha kwenye uzito wa zile za kopo, ni lazima uvukize lita 8 hivi za maji, na kuvukiza maji ni kazi inayokula joto mara nyingi zaidi kuliko kuyachemsha tu. Kwa jiko la gesi la kawaida, ambalo nusu hivi ya joto lake ndiyo huingia kwenye sufuria, kazi hiyo itameza karibu kilo nzima ya gesi, yaani moja ya sita ya mtungi mdogo wa kilo 6. Kwa jiko la mkaa la bati, ambalo mara nyingi hufikisha kwenye sufuria chini ya robo ya joto lake, utachoma kilo 3 hadi 4 za mkaa. Matokeo yake ni chini ya kilo 2 za nyanya nzito, na kabla ya kuhesabu saa ulizosimama ukikoroga zisishike chini, tayari umelipia moto fedha ambazo zingenunua makopo.

Bibi zetu wa Shinyanga na Tabora walilijua jambo hili bila kulipigia hesabu ya gesi. Viazi vitamu walivikata vibichi na kuvianika vikawa michembe, au walivichemsha kidogo ndipo wakavianika vikawa matobolwa, na majani ya kunde waliyakausha yakawa mboga ya kiangazi. Kazi ya kuyaondoa maji waliliachia jua, lisilouzwa kwa kopo wala kwa mtungi. Nyanya nazo hukauka vizuri zikikatwa vipande, zikatiwa chumvi kidogo na kuanikwa juu ya wavu safi uliofunikwa chandarua dhidi ya nzi, mradi uwe Dodoma, Singida au Iringa wakati wa kiangazi. Dar es Salaam na Tanga hewa ina unyevu mwingi, na vipande huota ukungu kabla ya kukauka. Mkazi wa huko anunue zilizokaushwa bara au aendelee na nyanya za fungu.

Upande mwingine kabisa kuna mtindi, ambao kila nikiupigia hesabu nashangaa kwa nini familia zenye friji au hata zisizo nayo zinaendelea kuununua kwenye vikombe vidogo. Lita moja ya maziwa hutoa lita moja ya mtindi, hakuna kinachopotea. Moto unaohitajika ni wa kuyachemsha maziwa mara moja tu, na kwa jiko la gesi hiyo ni gramu 12 hivi za gesi, na hata ukizidisha mara mbili kwa sababu ya upepo na sufuria, bado hufiki gramu 30. Kisha maziwa huachwa yapoe hadi kidole kivumilie joto lake, hutiwa vijiko viwili vya mtindi wa jana usio na sukari, hufunikwa na kuviringishwa kwenye kitambaa kizito au kuwekwa ndani ya chombo cha kutunzia joto, na baada ya saa 6 hadi 8 kazi imekwisha bila mtu kusimama juu yake. Bei ya dukani ya bidhaa hii imebebwa na kikombe cha plastiki, mnyororo wa ubaridi, sukari na ladha. Tahadhari ni moja: maziwa yachemshwe kweli, hasa yale ya kupimiwa mlangoni, na vyombo viwe safi.

Maharage yanastahili neno fupi. Kilo moja juu ya mkaa huweza kuchukua saa 2 hadi 3. Yakilowekwa usiku kucha muda hupungua, na yakipikwa kwenye jiko la umeme la presha hutumia chini ya uniti moja. Kwa viwango vya umeme vilivyoanza mwaka 2016, mteja wa daraja la T1, yaani wa matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na mwenye matumizi madogo wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya kaya zitumie nishati safi ifikapo 2034, na wengi huuona kama habari ya misitu na mapafu peke yake, ilhali kwa hesabu ya jikoni ni habari ya mfuko pia. Lakini anayejivunia oveni ajue kwamba oveni ya umeme ya kawaida ikiwaka saa moja inaweza kula uniti mbili, na mteja wa D1 anayevuka uniti 75 hulipa shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi. Mkate mmoja uliookwa peke yake ndani ya oveni nzima haulipi. Kiwanda cha mkate kinaoka mamia kwa joto moja.

Hoja hiyo hiyo inaeleza kwa nini maandazi ya mama wa kona mara nyingi ni rahisi kuliko ya kwako. Yeye hununua ngano kwa kiroba, mafuta kwa dumu, na karai lake likishapata moto hukaanga mamia bila kupoa. Wewe utamwaga nusu lita ya mafuta kwenye karai, ukaange maandazi 10, kisha mafuta yabaki. Ningependa tulitazame jambo hili kwa haki, kwa sababu sehemu ya unafuu wa andazi lake inatokana na kwamba yeye mwenyewe halipi mshahara wake: ameamka saa 10 usiku, na saa hizo hazimo kwenye bei. Kumuungisha mama huyo ni bora kuliko kumpunja kwa kubishania shilingi 50. Chapati ni tofauti kidogo, kwa kuwa kilo moja ya ngano hutoa chapati 12 au zaidi na mafuta yake ni machache, hivyo familia inayokula chapati kwa pamoja mara moja kwa wiki hupata unafuu wa wazi.

Kwa siagi ya karanga na unga wa lishe, fedha si kigezo cha kutosha. Karanga na mahindi vilivyovunwa na unyevu huota ukungu unaozaa sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kwa kusaga. Mwaka 2004 mlipuko wa sumukuvu katika mahindi huko Makueni, Kitui na maeneo jirani ya Kenya uliugusa uhai wa watu 317, na 125 kati yao walifariki dunia. Mwaka 2016 maafa kama hayo yakatokea Dodoma na Manyara. Anayesaga nyumbani ana nafasi moja ambayo mnunuzi wa kopo hana: anaweza kuzimwaga karanga kwenye ungo mbele ya dirisha na kuzichambua moja moja, akatupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye vumbi la kijani. Akifanya hivyo, siagi yake ni salama zaidi na rahisi zaidi. Akinunua karanga za bei ya chini zilizokataliwa na wengine kisha akazisaga bila kuzitazama, amejikusanyia hatari yote kwenye kopo moja. Unga wa lishe wenye nafaka na mbegu za kila aina, wengine hufikisha aina 10, ni kosa la kutaka mengi kwa pamoja: soya mbichi huzuia mmeng'enyo wa protini mpaka ipikwe ipasavyo, karanga zilizosagwa humo huharibika haraka, na mtoto akidhurika mama hajui ni kipi kilichomdhuru. Nafaka moja, uji mzito kiasi, na karanga au maziwa yakaongezwa wakati wa kupika, inatosha na gharama yake ni ndogo.

Miongoni mwa mahitaji yasiyo chakula, hakuna kinachonigusa kama taulo za kike. Mwaka 2018 Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye bidhaa hiyo, na mwaka uliofuata ikairudisha, maelezo yakiwa kwamba bei kwa mtumiaji haikushuka. Yaani nafuu iliyotolewa kwa ajili ya wasichana iliishia njiani. Taulo za kushona, za kitambaa cha flana au pamba chenye tabaka kadhaa na kitambaa kisichopitisha maji chini yake, huweza kutumika mwaka mzima au zaidi zikitunzwa, na fundi cherehani yeyote wa mtaani akionyeshwa kielelezo anaweza kuzishona. Hapa malighafi ni kidogo, moto hakuna, na kitu hutumika mara nyingi. Sharti lake ni maji, sabuni na jua. Binti wa bweni anayeona haya kuzianika kambani huzificha chini ya kitanda zikiwa na unyevu, na hapo huweza kupata maambukizi. Kwa hiyo familia inayomshonea binti yake inapaswa pia kumhakikishia kamba yenye jua na sitara. Baba akijua hili na kulitamka bila haya nyumbani kwake, atakuwa amefanya zaidi ya kutoa fedha.

Hadi hapa nimezungumzia shilingi, lakini kazi hizi zote zina mtu anayezifanya, na karibu kila mara mtu huyo ni mama, binti mkubwa au dada wa kazi. Ushauri unaposema kwamba kutengeneza nyumbani hakugharimu kitu, humaanisha kwamba gharama imehamishiwa kwake. Njia ya haki ni kugawa akiba kwa saa. Tuseme kila chapati ya nyumbani inaokoa shilingi 150; chapati 12 ni shilingi 1,800, toa moto shilingi 300, gawa kwa saa moja na nusu, utapata shilingi 1,000 kwa saa. Sabuni ya maji ya lita 20 huchukua saa 2 za kazi kwa miezi kadhaa ya matumizi; mkate wa kila siku huchukua saa 2 kila siku. Mama mwenye genge au cherehani anaweza kuona mara moja ni ipi inayomwibia muda wa kipato chake. Na pale ambapo baba na watoto wa kiume wanakoroga, wanachambua na kuanika pia, mzigo hugawanyika na orodha ya vitu vinavyofaa kutengenezwa hurefuka.

Nikichunguza akiba za familia nyingi zinazosifia kujitengenezea, naona sehemu kubwa haikutoka kwenye kutengeneza. Imetoka kwenye kipimo. Anayenunua mafuta ya kupima kila jioni, sukari ya robo, mkaa wa kopo na sabuni ya kipande hulipa kwa kila lita na kila kilo zaidi ya yule anayebeba dumu na gunia, ingawa ndiye mwenye kipato kidogo. Anapoanza kutengeneza sabuni, analazimika kwa mara ya kwanza kununua kwa wingi, na unafuu wa wingi akauita unafuu wa mikono yake. Kinachomzuia siku zote ni mtaji wa kuanzia, na mshauri anayemwambia anunue malighafi za lita 20 kwa mkupuo anazungumza na mtu ambaye fedha yake huingia kwa siku na kuisha kwa siku.

Ndiyo maana naona pa kuanzia ni nyumba ya kupanga yenyewe, pale wapangaji wanne au watano wanaposhirikiana bomba moja la maji na uwanja mmoja. Wengi wao tayari wana kijumbe wa mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu au wamo kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, kwa hiyo daftari na uaminifu vipo. Fedha ya mzunguko mmoja ikinunua malighafi za sabuni ya lita 20, mmoja mwenye nafasi akachanganya watoto wakiwa shuleni, na wote wakagawana kwa jagi lile lile mbele ya wenzao, kila familia hupata lita 4 au 5, kemikali hazikai kwenye kila chumba, na hakuna ndoo kubwa ya kumfanya mtu amimine ovyo. Sabuni ianze kwa kuwa haiozi wala haiibiwi kwa urahisi. Lifuate dumu la mafuta, kisha maharage, ambayo yakianikwa na kufungwa vizuri hukaa. Unga wa dona uachwe mwisho na ununuliwe kidogo kidogo, kwa sababu kiini cha mahindi kilichosagwa humo kina mafuta yanayochacha upesi katika joto la pwani, na familia tano humaliza kiroba cha kilo 25 ndani ya wiki, hivyo kununua viroba viwili kwa pamoja hakuwaongezei chochote zaidi ya wadudu.